Kengele Arobaini na Nane

Mikono ya Elspet Gauld ilianza kupiga wimbo kabla mwenyewe hajashuka kwenye basi. Ngumi mbili ndogo zilipanda na kushuka juu ya mkoba alioupakata, kushoto, kulia, kushoto tena, na kila zilipofika mwisho zilirudi mwanzo. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka mara mbili kumtazama. Mara ya pili Dod, mumewe Elspet, alimwinamia yule mtu na kumwambia kwa upole, "Usiogope, ndugu yangu. Hapigi watu."

"Dod, nyamaza."

"Namtoa wasiwasi tu. Tangu kule mlimani unampiga ngumi za kisogoni."

Elspet aliificha mikono chini ya mkoba. Baada ya dakika moja ikaanza tena huko huko ilikofichwa.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepiga kinanda kila Jumapili katika kanisa la Tillywhin, kijiji cha wakulima kilicho saa moja na nusu kutoka baharini, mbele ya waumini wapatao ishirini, ambao nusu yao walikuwa wakiwaza ng'ombe waliowaacha nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amepiga vizuri. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amepiga vibaya. Walimwambia, "Leo kuna baridi," wakaenda zao.

Miaka miwili nyuma, Dod alipelekwa Aberdeen kutolewa mtoto wa jicho. Elspet, mwenye saa tatu za kusubiri, akanunua chai na kukaa kwenye benchi katika ua wa makaburi wa kanisa la kale, nyuma ya Union Street. Ilipotimia saa sita mchana mnara wa kanisa ulianza kuimba. Kengele kubwa zilitembea chini polepole, ndogo zikakimbizana juu yake, na Elspet alijua papo hapo kwamba ile si mashine, kwa sababu kabla ya ubeti wa pili yule mpigaji alisita kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Chai ikampoa mkononi. Kengele ziliponyamaza alimfuata mzee aliyekuwa akifagia majani akamwuliza ni nani yuko kule juu.

"Binti Leiper. Rona," alisema mzee. "Anapiga kwa ngumi, kama mtu anayekanda unga."

Wiki hiyo hiyo Elspet aliandika barua. Rona Leiper alimjibu, na ndani ya bahasha alitia mchoro wa kinanda cha kengele: vijiti arobaini na nane vilivyopangwa safu mbili, kila kimoja kikivuta waya unaopanda mpaka kwenye kengele yake, na chini kanyagio za miguu kwa zile kubwa. Vipimo vyote vilikuwamo. Dod, aliyekuwa fundi wa matrekta maisha yake yote, aliichukua karatasi ile mkononi mwa mkewe akaitazama kwa jicho lake jipya.

"Hiki ndicho kinachokunyima usingizi?"

"Natazama tu, Dod."

"Hutazami tu. Nipe."

Alinunua mifagio kumi na miwili, akaikata mipini na kuacha vichwa vyake vimelundikana bandani kama nungunungu waliokufa. Mwenye duka alimwuliza kama siku hizi wanafuga vumbi. Akatafuta springi, akatafuta mbao, na majira ya kuchipua yalipofika Elspet alikuwa na kinanda cha kengele ndani ya banda la trekta, kasoro kengele. Hakikutoa sauti yoyote ila tok, tok, tok, kama kuku wanaodonoa debe. Kila alasiri kwa karibu miaka miwili aliketi pale na koti lake, akapiga mipini ya mifagio, na muziki wote akausikia kichwani mwake peke yake.

Kisha mwezi uliopita ikaja barua fupi. *Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Kuna harusi saa sita. Kuanzia saa tano na dakika arobaini, dakika kumi ni zako. Piga unachotaka. Rona.*

Mvua ilikuwa imekatika walipofika. Jua lilitoka ghafla kama linavyotoka Aberdeen, bila kuomba radhi, na mji mzima uliokuwa wa kijivu ukaanza kumetameta, kila ukuta wa mawe ya itale ukiwa na chembe elfu za mwanga. Shakwe walipiga kelele juu ya mapaa. Upepo ulitoka bara ukielekea baharini. Elspet alitembea kwa kasi mpaka Dod akalazimika kumshika mkono.

"Mnara haukimbii. Uko pale tangu enzi za babu zetu."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Umeniuliza muda huu huu."

Dod alinunua rowi mbili kwa mwoka mikate, vile vimkate bapa vya chumvi vinavyoacha mafuta vidoleni, akampa mkewe mmoja. Elspet aliushika, akautazama, akamrudishia.

"Tumbo limejaa," alisema.

"Limejaa nini?"

"Sijui. Vyura."

Wakafika uani. Dod alizunguka kati ya makaburi akisoma majina kwa sauti kubwa, maana tangu apate jicho lile alisoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti za chumvi. "Njoo uone, yupo Gauld hapa. Alifariki elfu moja mia saba tisini na nne. Bila shaka alikuwa akimsubiri mkewe amalize kuchagua viatu."

Elspet hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya mnara, kichwa amekirudisha nyuma kabisa.

"Dod, sikiliza. Kule juu kengele zinasikika vibaya, Rona ameniambia. Ni kelele za waya na mbao tu. Wa chini ndio wanaosikia muziki. Basi nataka ukae kwenye benchi hii, usinyanyuke, kisha uniambie ilikuwaje."

"Yaani mimi ndiye shahidi wako? Sikio la kushoto nililiacha kwenye trekta."

"La kulia linatosha. Usinyanyuke."

"Sinyanyuki."

Rona Leiper alifika kwa baiskeli. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye nywele fupi na mikono ya mtu anayebeba magunia. Alimpa Elspet mkono, kisha hakuuachia. Aliugeuza akautazama ubavuni, upande wa kidole kidogo, ambako ngozi ilikuwa imekakamaa.

"Bi Gauld, huu ni ugumu wa kutoka wapi?"

"Mipini ya mifagio."

Rona akacheka mpaka shakwe mmoja akaruka. "Nimewapelekea watu kumi na wawili mchoro ule. Hakuna hata mmoja aliyekijenga kinanda chenyewe. Twende juu, mama."

Ngazi zilizunguka ndani ya ukuta, nyembamba, mawe yake yamelika katikati kwa miguu ya watu wengi. Elspet alihesabu mpaka tisini akapoteza hesabu. Magoti yalimlalamikia, akayaambia yalalamike kesho. Walitokea katika chumba kidogo chenye harufu ya mafuta ya mashine na kinyesi cha njiwa. Katikati kilikaa kinanda, na Elspet alikitambua kama mtu anavyomtambua ndugu aliyemwona kwenye picha tu. Vijiti arobaini na nane. Juu yake nyaya zilipenya dari kuelekea kwenye kengele za shaba.

Palikuwa na kidirisha cha wima. Kwa upande mmoja kilionesha bahari, ya buluu isiyoaminika, na meli za mafuta zimetia nanga nje zikisubiri. Kwa chini kilionesha mlango wa kanisa na wageni wa harusi wa mwanzo, kofia zao ndogo kama vifungo. Mpiga zumari za mfuko alikuwa amesimama kando akitikisa magoti, sketi yake ya kiume ya miraba inapeperuka. Dod alikuwa bado kwenye benchi, mtiifu kama mwanafunzi.

"Utapiga nini?" Rona aliuliza.

"Wimbo wa baba yangu. Alipiga fidla. Aliutunga zizini jioni ile mama alipomkubalia, na hakuupiga popote ila nyumbani na kwenye maghala ya majirani. Nimeupanga mwenyewe kwa kengele."

"Nani mwingine anaujua?"

"Dod. Na ng'ombe, lakini wale walishakufa."

"Basi anza unapokuwa tayari."

Elspet akakaa. Akaweka miguu. Akainua ngumi ya kulia. Akashusha.

Kengele ndogo ilipiga ukelele kama sahani iliyoanguka jikoni.

Mkono wake ulikuwa umeshuka kwa nguvu ya springi za Dod, ambazo zote zilikuwa sawa. Hapa vijiti havikuwa sawa. Kijiti cha kengele ndogo kilikuwa chepesi kama ganda la yai, na alipokanyaga ile kubwa kwa mguu, ilimgomea kama mlango ulioegemewa na mtu, ikatoa mnong'ono tu. Alipiga sauti sita, zote mbaya, akaacha. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko mnara. Mji mzima ulikuwa umesikia. Union Street ilikuwa imesikia, na bibi harusi popote alipo.

"Siwezi," alisema. "Havifanani na vyangu."

"Havifanani," Rona alikubali. Hakusogea kumsaidia. "Bi Gauld, ni nani chini kule anayejua wimbo ulivyo?"

"Hakuna. Dod tu."

"Basi hakuna anayejua umekosea. Umejaribu uzito, sasa unaujua. Juu gusa, chini kanyaga kama unasukuma ng'ombe. Una dakika tisa."

Elspet aliwahi kusukuma ng'ombe wengi. Akavua viatu vyake vizuri alivyovinunulia safari, akavitupa kando, akaweka soksi kwenye kanyagio, akakanyaga kwa uzito wake wote. Kengele kubwa ikajibu. Aliihisi kabla ya kuisikia: ilipanda kutoka kwenye jiwe, ikapita kwenye nyayo, ikamfikia kifuani. Akakanyaga tena. Kisha akaitia mikono juu yake, kwa upole, na wimbo ukatoka.

Ulitoka polepole mwanzoni, jinsi baba yake alivyokuwa akiupiga, kama mtu anayesimama mlangoni bila kujua aseme nini. Kisha ukapata miguu. Elspet alisikia waya zikigonga, mbao zikigonga, na mahali fulani juu ya kichwa chake, mbali na kelele hizo, sauti yenyewe ikiondoka kwenda kwa watu. Miaka miwili ya tok, tok, tok, na sasa kila kipigo kilikuwa na jibu. Alifika kwenye ubeti wa mwisho akaona hataki uishe, akarudi mwanzo bila kumwomba mtu ruhusa, safari hii kwa kasi, ngumi zinaruka, kofia imemwangukia jicho moja. Rona alikuwa amekaa sakafuni na mgongo ukutani, anacheka bila sauti na kupiga goti kwa kiganja.

Alipomaliza kengele kubwa iliendelea kuvuma muda mrefu. Elspet alibaki na mikono hewani.

"Dakika kumi na mbili," alisema Rona. "Umewaibia maharusi mbili. Njoo uone." Akamvuta kwenye kidirisha. Chini, kofia zote zilikuwa zimeinuliwa, zimekuwa nyuso. Mpiga zumari alikuwa amekumbatia mfuko wake kwapani bila kuupuliza, kinywa wazi.

"Bi Gauld, natafuta mtu wa kunipokea zamu kila Jumatano, na nimechoka kutafuta. Usinijibu leo. Kazungumze na mzee wako."

Elspet aliangalia benchi. Ilikuwa tupu.

Alishuka ngazi na viatu mkononi, akavivaa mlangoni, akatoka uani. Juu ya benchi palikuwa na karatasi ya rowi, na shakwe mnene akiishughulikia bila haya. Akamfuata mpiga zumari.

"Samahani, kijana. Mzee mwenye kofia ya kijani aliyekuwa hapa?"

"Aliondoka, mama. Ulipoanza tu kelele zile za kwanza... samahani, kumbe ni wewe uliyekuwa juu?"

"Ni mimi. Aliondoka vipi?"

"Hapo ndipo pa ajabu. Alitoka kinyumenyume. Akipita getini alimgonga shangazi wa bwana harusi."

Elspet hakulisikia vizuri hilo la kinyumenyume. Alichosikia ni kwamba Dod alinyanyuka kwenye sauti zile sita. Miaka arobaini ya ndoa, na mifagio kumi na miwili, na hakuweza kustahimili kusikia mkewe akiaibika mbele ya watu. Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomwuma zaidi. Alizunguka Union Street nusu saa nzima bila kutazama nyuso za watu, akauliza kwa muuza maua, akauliza kwa mama mwenye kigari cha mtoto, na wote walimkumbuka: mzee anayerudi nyuma kama kaa, mkono umeshika sikio. Wakamwelekeza chini, Market Street, bandarini.

Alimkuta kwenye gati, mbele ya meli ya kwenda visiwa vya Shetland, kofia imesukumwa kisogoni, uso mwekundu. Alikuwa akiongea na mwanamume mwenye aproni aliyeegemea ukingo wa sitaha. Dod alipomwona mkewe alimkimbilia, na Dod hakuwa amekimbia tangu wapate simu.

"Elspet. Imefika mpaka hapa."

"Nini?"

"Sauti. Ulisema nikuambie inasikika vipi. Nikaona nikikaa benchini nitajua ya benchini tu. Nikaanza kurudi nyuma, na lile sikio zuri nimeligeuzia mnara, nione utakatikia wapi. Getini, upo. Benki, upo. Kwa muuza samaki, upo, na yeye ameacha kisu ndani ya samaki anasikiliza. Nimeishiwa na nchi kavu, mama. Hatua mbili zaidi ningekuwa majini, na wewe bado upo."

Elspet alisogea mpaka karibu. Akamshika mumewe ukosi wa koti kama anayetaka kumtikisa.

"Nilidhani umekimbia nilipokosea."

"Ulikosea wapi?"

"Mwanzo. Zile sauti sita."

"Zile?" Dod alifikiri. "Nilidhani unabisha hodi."

Hapo ndipo Elspet alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya nguzo ya kamba za meli, huku machozi yakimtoka na upepo ukiyakausha. Dod alisimama kando akimpangusia kofia, asijue kama anacheka au analia, na hakuona haja ya kuuliza.

"Wamenitaka Jumatano," alisema alipopata pumzi. "Kila Jumatano, Dod."

"Basi la saa mbili asubuhi linapita dukani," alisema Dod, kana kwamba jambo hilo lilikuwa limeshaamuliwa zamani.

Yule mwenye aproni juu ya sitaha alikuwa akiwatazama. Alikuwa mpishi wa meli, mtu wa visiwani, mwenye kitambaa cha vyombo begani. "Ndiye huyo?" alimwuliza Dod. "Ndiye uliyekuwa ukinisimulia?"

"Ndiye."

"Haiwezekani. Ni mdogo hivyo."

Dod alifungua kinywa kumjibu, lakini mjini, juu ya mapaa, kengele zilianza. Ndoa ilikuwa imekwisha fungwa. Wote watatu wakageuka. Elspet alisimama, na sasa, akiwa upande wa wanaosikia, aliisikia kengele kubwa ikija juu ya Market Street, juu ya mabasi na kreni za bandari, mviringo na tulivu, na zile ndogo zikimwagika nyuma yake. Rona alikuwa akipiga kwa ustadi mkubwa; kila sauti ilikaa mahali pake. Elspet alisikiliza kwa kinywa na macho pia. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Hivi ndivyo alivyosikika.

Mpishi aliinamisha kichwa, akasikiliza nusu ubeti, akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Huyu anajua sana, lakini huyu ni mwingine. Yule wa kwanza alipiga kama ana haraka ya kufika kwa mtu." Akamtazama Elspet, aliyekuwa na kofia upande na soksi zilizotoboka zikichungulia viatuni, na uso wake ukabadilika. Akautoa mguu wake kwenye ukingo, akavuta kile kizuizi cha kamba kilichofunga daraja la kupandia.

"Chai ipo jikoni," alisema. "Panda, mama. Panda uniambie ule wimbo ulikuwa wa nani."